Acha Dredi Zako Zikomae Zenyewe, Punguza Kuzishikashika

Tuanze na hili maana ndo linachanganya wengi: kusokota sio kunakofanya dredi ziwe dredi. Kusokota kunapanga tu nywele za chini pale kwenye ngozi, kunazionyesha njia, basi. Kinachofunga dredi ni nywele zenyewe kule ndani zinavyojikunja na kuzungukana mpaka zikashikana, na zile zinazong'oka hazianguki chini zinabaki humohumo zimenaswa. Mtu yeyote anapoteza nywele kama 50 mpaka 100 kwa siku, ni kawaida ya mwili, mwenye nywele za kuchana anaziona kwenye kitana ila mwenye dredi hazioni kwa sababu ziko ndani ya dredi, na ndo hizo zinazoijaza ikawa ngumu na yenye uzito. Sasa kazi yote hiyo inataka nywele ziwe na uhuru wa kusogea, halafu wewe kila baada ya wiki mbili uko mbele ya kioo na jeli na vibanio unazirudisha zote kwenye mstari. Unazuia kitu kilekile unachokisubiri.

Hii haimaanishi uache kila kitu ukae timtim mpaka watu wakuhurumie. Kuacha dredi zikomae maana yake unabaki na kazi tatu tu: zioshe, zikauke kabisa, na uzitenganishe pale chini zisiungane usipotaka. Hayo mengine yote, kusokota, kupaka, kubana, kufuma kwa sindano, ni urembo, yafanye siku una shughuli yako au unapiga picha ya pasipoti, yasiwe ratiba ya maisha.

Kwanini kuzirudia kila mara kunaziharibu

Piga hesabu kidogo. Nywele inaota wastani wa sentimita 1 na robo hivi kwa mwezi, na za kipilipili mara nyingi ni pungufu ya hapo. Kwa hiyo kwa wiki mbili umeota kitu kama nusu sentimita, hata kidole hakipati pa kushika. Ukirudia kwa muda huo husokoti nywele mpya, unasokota ileile uliyoisokota juzi, sehemu ileile, tena mara nyingi ikiwa imelowa chapachapa na nywele iliyolowa inavutika zaidi na kukatika kirahisi kuliko kavu. Fanya hivo mwaka mzima uone, pale chini panakuwa pembamba, dredi nene kabisa inaning'inia kwenye kashina kadogo, na huku dredi inazidi kurefuka na kuongezeka uzito, ikilowa maji ndo usiseme. Siku unajifunga kwa haraka unasikia kitu kimebaki mkononi.

Pembeni ndo pa kwanza kuumia, pale kwenye paji na juu ya masikio, maana nywele za hapo ni chache na laini kuliko za katikati. Dalili zinaanza mapema ila watu wanazichukulia ndo unadhifu wenyewe: ngozi inavuta mpaka nyusi zinapanda, huwezi kulalia upande mmoja usiku wa kwanza, vipele vidogo vinatokea kwenye mashina. Kama umesokotwa na inabidi umeze dawa ya maumivu ndo ulale basi hapo umeumizwa, usijidanganye kwamba ndo kupendeza. Upara wa kuvutwa ukiuwahi mapema, ukalegeza, nywele nyingi zinarudi. Ukiendelea miaka, vile vitundu zinamotokea nywele vinajiziba kwa kovu, ngozi inabaki laini inang'aa, na hapo hamna mafuta wala dawa ya kienyeji itakayozirudisha, hata ukiambiwa vingine.

Sindano ya ndoano nayo. Mi siipingi moja kwa moja, kwa mtu mwenye nywele laini zinazofunguka kila saa inasaidia mwanzoni kuzishikisha, na kwa ukarabati ni nzuri. Tatizo ni kuifanya mazoea. Ile ndoano inapoingia na kutoka inakata nywele kule ndani, huoni leo, unaona baada ya muda dredi imekakamaa juu lakini katikati ni dhaifu inapinda kama imevunjika. Na ile staili ya kuipitisha dredi yenyewe katikati ya nywele zake za chini, fundi akiipitisha kila mara upande uleule inaacha tundu, shina linagawanyika miguu miwili. Ukichunguza kichwa chako ukaona mwanga unapita katikati ya shina la dredi, ndo hiyo.

Kuhusu vya kupaka nitasema kwa ufupi maana hapa sina mjadala. Nta usiguse. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye joto la nyuzi 60 na kitu, maji ya kuogea hayafiki huko na yakifika umeungua, kwa hiyo ukishaipaka imekaa, na kila manyoya ya taulo na sweta na vumbi la njia nzima linaingia linaganda humo. Mafuta mazito ya mgando ni hivohivo. Jeli ikizidi inaacha ule unga mweupe unaoonekana vibaya sana kwenye dredi nyeusi. Kondishena nzito na zile za kuchania zinalainisha nywele ziteleze, na nywele inayoteleza haishikani, kwa hiyo unajenga huku unabomoa.

Utaona nini njiani

Hapa ndo wengi wanapokata tamaa kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Mwanzoni zinapendeza, mistari imenyooka, ngozi inaonekana, kila mtu anakusifia. Usizoee hali hiyo, ni ya muda. Ukiosha mara kadhaa zinaanza kufumuka, nyingine zinafunguka kabisa hasa ncha, na hakuna ubaya, zilizofunguka kabisa zisokote kwa mkono uendelee na maisha.

Baada ya miezi kadhaa, wengine mitatu wengine sita, vinaanza vifundo. Shika dredi moja kati ya kidole gumba na cha shahada, anzia pale kwenye ngozi ushuke nayo taratibu bila kuvuta. Utapita sehemu laini imelegea, halafu ghafla vidole vinakutana na kitu kigumu kidogo kama punje ya harage, halafu panalegea tena. Hicho kifundo ndo dredi inaanza. Usikiminye, usikinyooshe, usikiviringishe na chochote ili kilingane na wenzake. Kitatanuka chenyewe kwenda juu na chini mpaka kikutane na kingine, na hapo katikati dredi itakuwa na umbo la ajabu, nene hapa nyembamba pale, na hilo umbo litakaa nawe muda. Kwa macho yangu ndo uzuri wenyewe ila najua sio kila mtu anaona hivo.

Kisha kinakuja kipindi kigumu. Dredi zinavimba. Zinasimama, kila moja inaelekea kwake. Nywele zinachomoza pembeni, vitanzi vinatokea, na mbaya kuliko zote zinafupika, unaangalia picha ya siku ulipoanza unaona zilikuwa zinafika kwenye kidevu na saivi ziko sikioni. Hazijakatika. Nywele inayojikunja na kuzunguka ndani inakula urefu wake, ile iliyokuwa imenyooka sasa imekuwa mzunguko, lazima ifupike, na ndo ishara kwamba kazi inafanyika. Hiki ndo kipindi ambacho watu wanakimbilia saluni kila wiki mbili kuzilaza, na ndo kipindi kibaya zaidi cha kuzigusa. Ukiweza kuvumilia hapa huko mbele ni mteremko.

Mwenye kipilipili akiziacha mara nyingi anachukua kati ya mwaka na miaka miwili mpaka ziwe zimekomaa kweli, mwenye nywele za mawimbi au singa anaweza kuvuka miaka miwili na zaidi, maana nywele iliyonyooka haina sababu ya kuzunguka yenyewe inabidi isubiri msuguano wa mto, kofia, kuoshwa na kuguswa kwa maisha ya kila siku. Na hata kichwa kimoja hakifungi kwa mpigo, kisogoni zinaweza kuwa ngumu huku utosini bado zinafunguka. Usijilinganishe na mtu. Na picha za mitandaoni nyingi zimepigwa siku mtu ametoka kwenye kiti, wiki ya pili hamuonyeshwi.

Zilizokomaa utazijua bila kuambiwa. Zinashuka zenyewe, zina uzito, ukiiminya ni ngumu toka juu mpaka karibu na ncha lakini inapinda vizuri, na maji yanachukua muda kuingia na muda mrefu zaidi kutoka.

Kuosha, na hapa usiruke

Kuna uongo wa zamani kwamba dredi hazioshwi, ati uchafu ndo unashikisha. Ni kinyume. Ngozi ya kichwa inatoa mafuta yake yenyewe na mafuta yanafanya nywele ziteleze, nywele safi ina ule ukavu kidogo unaoshikana. Anayeosha vizuri anafunga mapema kuliko asiyeosha, tena hanuki.

Mpya kabisa zipe wiki mbili tatu kabla ya kuosha ya kwanza, halafu baada ya hapo kila wiki moja au mbili, ukiwa mtu wa mazoezi na jasho osha kila wiki usiogope. Miezi ya mwanzo ukiona zinafumuka sana, vaa soksi ya kichwani au kitambaa chepesi cha wavu, mimina shampuu juu yake, povu litapita na dredi zitakaa pamoja.

Shampuu tafuta iliyo nyepesi, isiyo na mafuta wala zile za mbili kwa moja zenye kondishena ndani. Mimina kidogo kwenye chupa uichanganye na maji, hii inasaidia sana kwa sababu shampuu nzito ikiingia ndani ya dredi kutoka ni shughuli. Lowesha kichwa kwa maji ya uvuguvugu, ingiza chupa katikati ya mistari, fanya kazi kwenye ngozi kwa ncha za vidole, sio kucha. Dredi zenyewe usizisugue moja na nyingine, zikamue tu, povu linaloshuka linatosha. Rudia mara ya pili kama mlikuwa hamjaonana na maji muda mrefu.

Kusuuza ndo kwenyewe. Watu wanatumia dakika tano kupaka na dakika moja kusuuza. Geuza, suuza dakika nyingi kuliko ulizopaka, shika fungu la dredi tano sita ulikamue chini ya maji uangalie kinachotoka, kikiwa na povu au kinateleza kwenye vidole bado, endelea mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Hapo ukidhani umemaliza suuza tena kidogo.

Kuna kuloweka kwa baikabonati, ile soda ya kuokea, na siki ya tufaha kusafisha ndani. Inatoa uchafu kweli, watu wanashangaa rangi ya maji. Lakini ile soda ina asili ya alkali, pH yake inapita 8 wakati ngozi ya kichwa inakaa kwenye 5 na kitu, ukiizoea inakausha nywele mpaka zinakuwa kama zimeungua. Mara moja mbili kwa mwaka inatosha, siki uiongeze maji mengi na uisuuze, na kama umepaka rangi au ngozi ina vidonda achana nayo kabisa.

Osha asubuhi. Narudia, asubuhi. Dredi ikikaa na unyevu ndani muda mrefu inaota ukungu, na ukungu wa ndani ya dredi hautoki kwa manukato. Zikamue kwa tisheti ya pamba ya zamani badala ya taulo, taulo linaacha manyoya yake humo na mwenye dredi nyeusi na taulo jeupe ananielewa. Usizifunge, usivae kofia, ziache zipigwe na upepo na jua, na kama unatumia draya weka joto la chini uanzie kwenye ngozi. Dredi nene zilizokomaa zinaweza kuchukua siku nzima, kwa hiyo usiguse juu ukasema tayari, iminye moja nene ya kisogoni ukiihisi ina ubaridi ndani bado haijakauka. Ukianza kusikia uvundo kila zikilowa, osha vizuri, kausha kwa draya mpaka ndani, na usirudie kulala nazo mbichi.

Kutenganisha ndo kazi ya mikono inayobaki

Usiposokota, nywele mpya za dredi jirani zinasalimiana. Zikiachwa zinaungana, na baada ya miezi unajikuta na dredi moja pana yenye mikia miwili. Wapo wanaopenda, wanaacha kabisa kichwa kijipange, na wanaonekana vizuri tu. Usipotaka hivo, tenganisha kila baada ya kuosha.

Subiri zisiwe chapachapa wala kavu kabisa, zile za unyevunyevu. Anza upande mmoja uende kwa mstari usije ukaruka. Shika dredi mbili za jirani, kila moja na mkono wake, vidole viwe karibu kabisa na ngozi, kisha zivute zitengane taratibu, utasikia mlio mdogo wa nywele zinaachiana. Zikigoma usitumie nguvu, fungua kidogo leo na kidogo kuosha kunakofuata. Kutakuwa na nywele chache zimevuka mpaka zimekamatwa kote kote, hizo angalia zimetokea wapi kwenye ngozi uzirudishe kwa dredi yake, na ikishindikana mbili tatu zikikatika haina shida. Mkasi usiingie hapo, mkasi ukikosea umekata shina.

Mara ya kwanza inachosha mabega mpaka unataka kuacha, kuna watu wana dredi mia na ushee, weka kitu cha kusikiliza ufanye kwa awamu. Baadaye inakuwa jambo la kufanya huku unaongea na simu.

Usiende zaidi ya pale chini. Mtu anatenganisha shina halafu anaona katikati kuna kitanzi anakivuta, anaona nywele imechomoza anairudisha kwa sindano, mwisho wa siku ameshika kila dredi kichwani. Shina tu, basi, nyanyuka.

Kama lazima usokote

Sio kila mtu anaweza kuziachia moja kwa moja, kuna kazi za ofisini, kuna wazee nyumbani, na kuna mtu anapenda tu mistari ionekane. Hakuna dhambi. Ila ongeza muda. Kama ulikuwa wiki mbili nenda wiki sita hadi nane, ukizoea nenda miezi mitatu. Kipimo changu ni nywele mpya, zisipofika kama sentimita mbili hakuna cha kusokota. Tumia maji tu, au alovera kidogo isiyo na makorokoro, zungusha kwa vidole upande uleule ulioanzia mpaka ikae, usivute, usiongeze mzunguko kwa sababu ya usalama. Vibanio vitoe zikikauka usilale navyo.

Na kuna mbinu ambayo watu wengi unaowaona nadhifu wanaitumia kimyakimya: wanasokota mstari wa mbele na ule wa kwenye mgawanyo tu, labda dredi kumi na tano, nyuma kote kumeachwa. Anayekutazama anaona mbele. Mashina yako ya nyuma yanapumzika, na hata ya mbele unaweza kuyapumzisha kwa kuhamisha mgawanyo. Siku nyingine loanisha viganja, zilaze za juu, funga kitambaa bapa robo saa ukivua zimetulia bila kusokota hata moja.

Msusi naye ongea naye kabla hujakaa. Mwambie dada, au kaka, leo sitaki kukazwa, usiweke nta, na usiguse kisogoni. Anayejua kazi yake ataelewa na wengine watafurahi. Akisema bila kukaza hazidumu, mjibu ndo unavyotaka. Na ukisikia maumivu sema palepale, usivumilie kwa heshima, kichwa ni chako.

Maneno ya watu yatakuwepo. Mama atauliza, mwanangu hizo nywele vipi, mwambie zinakua mama, inatosha, huhitaji kumfundisha somo zima sebuleni.

Vitu vidogo vidogo

Usiku funika kwa kofia ya satini au lalia foronya ya satini, pamba inanyonya unyevu na kuacha vinyuzi. Kofia isibane pembeni, maana kuna watu wameacha kusokota ili kuokoa nywele za mbele halafu mpira wa kofia unazimaliza usiku.

Ukijifunga mchana badilisha sehemu. Kila siku kishungi kilekile cha juu ni mvuto uleule kwa mashina yaleyale, hata kama hujasokota toka mwaka jana.

Kuwashwa kuna sababu zake, usikimbilie mafuta. Ikiwa ni ukavu tu matone machache ya mafuta mepesi kwenye ngozi, sio kwenye dredi, yanasaidia. Ikiwa ni mabaki ya shampuu, rudi kwenye kusuuza. Ikiwa ni mba, ule wa magamba ya njano au meupe unaorudi kila ukiosha, mafuta yanauongeza, tafuta shampuu ya dawa yenye ketokonazoli au zinki pirithioni, iache kichwani dakika tatu hadi tano ndo usuuze, wengi wanaipaka na kuitoa hapohapo halafu wanasema haifanyi kazi. Ukiona vidonda, usaha au mabaka yasiyo na nywele nenda kwa daktari wa ngozi, usiende kwa msusi.

Ncha zilizo wazi zenye manyoya usizikate kwa hasira. Zinafunga mwisho kuliko sehemu nyingine na ukikata unaondoa sehemu ya zamani kabisa ya dredi, ile iliyokuwa karibu kujifunga. Vitanzi navyo viache, vingi vinamezwa.

Uhusiano wako na kioo pia upunguze. Nasema kwa utani lakini ni kweli, mtu anayezikagua kila asubuhi lazima atapata cha kurekebisha.

Sasa kama tayari ulizisokota kupita kiasi na mashina yamekonda. Acha kila kitu miezi mitatu angalau, hata kule mbele. Kila dredi iliyokonda ikague peke yake: kama nywele mpya zinazotoka chini ni nyingi na ni sehemu moja tu ya juu yake iliyokonda, inatosha kuiacha isivutwe, nywele mpya zitajenga shina nene na sehemu dhaifu itashuka na ukuaji, fundi mzuri anaweza kuiimarisha hapo mara moja kwa sindano. Kama hata nywele za chini ni chache, iunganishe na jirani yake, yaani acha kuzitenganisha hizo mbili, zungusha mashina yao pamoja kwa mkono kila ukiosha, na baada ya miezi kadhaa zitatoka na shina moja lenye nguvu. Ikikatika kabla hujaiwahi usiitupe, ioshe, ikaushe, itunze, nywele za pale zikifika sentimita tatu nne na zikawa na afya msusi anaweza kuirudishia. Kama zinatoka chache na nyembamba subiri zaidi, kuipachika dredi nzito kwenye nywele changa ni kuing'oa mara ya pili.